Droni ya kupima upepo mwaloni Kibirizi: uzoefu wangu kama mwenye mitumbwi ya dagaa

Wadau habari zenu. Nina mitumbwi ya dagaa hapa Kigoma, mwalo wa Kibirizi, na tangu kiangazi kianze mimi na wenzangu kadhaa tumekuwa tunalipia huduma ya vijana flani wanaorusha droni ndogo jioni kabla vyombo havijaingia majini, na siku nyingine usiku na alfajiri, droni inapanda yenyewe juu, inapima upepo, joto na unyevu wa hewa, inashuka, halafu tunaletewa majibu kwenye simu. Watu wengi wameniuliza hivi hiki kitu kinafaa kweli au ni kuchoma hela tu, nikaona bora niandike mara moja wote msome.

Kinafaa. Nalipia mimi mwenyewe na nitaendelea kulipia. Ila kinafaa kwa kazi yake, na usipoijua kazi yake utakuja kuwalaumu vijana wa watu bure.

Sasa wanaoijua Kigoma wataelewa. Sisi milima iko mgongoni na ghuba imejificha, jioni saa kumi na moja unasimama kwenye mchanga maji yametulia, kitambaa kilichofungwa kwenye mti wa mtumbwi kimelala, moshi unapanda taratibu, unasema leo shwari twende. Kumbe huko juu ya kichwa chako upepo wa kusini umeshaamka zamani, wewe uko nyuma ya kilima huusikii. Kuanzia mwezi wa 5 mpaka wa 9 upepo wa kusini mashariki unavuma kufuata urefu wa ziwa, na Tanganyika kutoka mwisho wa kusini mpaka wa kaskazini ni karibu kilometa 670, kwa hiyo wimbi lina mahali parefu pa kukua kabla halijakufikia. Na dagaa huwavui ufukweni, unatoka mbali, unawasha taa, unakaa hapo usiku kucha na watu wako. Ziwa hili limetuchukulia watu, kila familia ya mwaloni ina jina la kutaja, sasa kitu chochote kinachoniambia saa kumi na moja jioni kile ambacho ningekijua saa nne usiku nikiwa katikati ya maji, mimi kwangu ni kitu kikubwa.

Niwape mfano mmoja. Jioni moja pale mchangani kipimo cha mkononi kilikuwa kinasoma chini ya mita 1 kwa sekunde, yaani hamna upepo. Droni ikapanda, kwenye mita 30 ikasoma 3, kwenye mita 60 ikasoma 6, ilipofika mita 120 ikasoma 9 na ushee kutoka kusini mashariki. Mita 9 kwa sekunde ni zaidi ya kilometa 32 kwa saa, huo sio upepo wa kuchezea na mtumbwi wenye taa na wavu. Nahodha wangu mmoja mtu mzima, ziwa analijua kuliko mimi, akasogea pale kwenye simu ya yule kijana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hebu niambie mwanangu, huo wa juu unashuka saa ngapi?"

"Mzee saa siwezi kukuambia. Ninachojua upo, na uko karibu."

Mzee akaangalia maji, akaangalia tena simu, akasema leo tunavulia ndani ya ghuba, hatuvuki. Usiku ule upepo ukashuka kweli, waliokuwa mbali walirudi na taa zimevunjika na nyavu zimejisokota, namshukuru Mungu walirudi wote. Lakini niseme ukweli pia, kuna jioni nyingine droni imesoma upepo mkali juu, tukabaki ndani, na upepo ule ukabaki hukohuko mpaka asubuhi, wenzetu waliotoka wakarudi na dagaa wa kutosha. Ndo maana nasema ijue kazi yake. Droni inapima kilichopo sasa hivi, haitabiri. Utabiri ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na hatujaacha kuusikiliza hata siku moja, tunaweka vyote viwili pamoja na macho ya mzee.

Inapimaje? Hili nililiuliza sana maana nilikuwa siamini kitu chenye mapangaboi manne yanayopuliza upepo wake chenyewe kinaweza kupima upepo wa Mungu. Kuna njia mbili. Ya kwanza, droni ikiambiwa na GPS ikae pointi moja na upepo ukaisukuma, lazima iinamie upande upepo unakotoka ili isibebwe, kama mtu anayetembea dhidi ya mkondo wa mto. Upepo ukiongezeka inainama zaidi, na kompyuta yake inajua imeinama nyuzi ngapi, hapo inapiga hesabu na kupata kasi na upande. Haihitaji kifaa cha ziada, ndo maana ni bei nafuu. Shida yake ni kwamba hesabu ile imetengenezwa kwa uzito na umbo la droni ileile, ukifunga kitu kipya juu yake au ukabadilisha mapangaboi aina nyingine lazima irekebishwe upya, wanaisimamisha karibu na kipima upepo kilichofungwa kwenye mlingoti wa mita 10, ambao ndo urefu wa kawaida dunia nzima kwa vituo vya hali ya hewa, wanalinganisha namba. Halafu upepo wa ghafla, ule wa kupiga na kuacha, njia hii inaulainisha, unaona wastani tu.

Njia ya pili ni kipimo cha mawimbi ya sauti, kidude kidogo hakina kitu kinachozunguka, kinatuma sauti kutoka upande huu kwenda ule na kurudi, upepo unaiharakisha upande mmoja na kuichelewesha upande mwingine, tofauti ya muda ndo inatoa kasi. Hicho kinafungwa kwenye kijiti kirefu juu ya droni ili kikae mbali na hewa ya mapangaboi. Vijana wetu wanatumia hiki siku hizi na mimi naona namba zake zimetulia zaidi, ila mvua hata ya rasharasha ikikipiga namba zinaruka ovyo, na kusema kweli droni yenyewe kwenye mvua hairushwi.

Kitu ambacho sikukitegemea ni faida ya joto na unyevu. Kwa kawaida ukipanda juu hewa inapoa, lakini usiku na alfajiri mara nyingi droni inakuta kwenye mita 80 au 100 kuna joto kuliko chini. Vijana wakanielekeza, ile hewa ya baridi imelala chini imefunikwa na ya joto, ndo maana moshi wa mkaa asubuhi unaona umetandaa juu ya ghuba kama meza hautaki kupanda. Na ndo sababu hiyohiyo chini kunakuwa kimya huku juu kunavuma, kile kifuniko kinazuia upepo usishuke. Jua likipasha ardhi kifuniko kinavunjika. Mama zetu wanaoanika dagaa kwenye chanja wameanza kuuliza majibu ya asubuhi wao wenyewe, maana unyevu ukiwa juu sana wanajua dagaa watachelewa kukauka, wanaanika wachache kwanza. Mvua ikiwakuta dagaa nusu wamekauka ni hasara tupu, wanabadilika rangi na bei inaanguka.

Sasa kero zangu. Mwanzoni ripoti ilikuwa inakuja kwa Kiingereza na grafu kubwa, kwenye simu ndogo za manahodha haifunguki, bando linaisha bure. Nimelalamika mpaka wakabadilisha, saivi inakuja meseji ya kawaida: urefu, kasi, upande, basi. Betri nayo ni ugonjwa, mruko mmoja wa kwenda juu na kurudi kwenye upepo mkali unakula betri haraka kuliko siku ya shwari, na siku ya upepo mkali ndo siku unayotaka vipimo vingi. Kama hawajaja na betri za akiba unapata kipimo kimoja tu, na kimoja hakitoshi, unataka uone upepo unaongezeka au unapungua. Halafu kuna mwewe. Kibirizi mwewe ni wengi sababu ya dagaa, wanaizunguka droni kwa hasira, kuna siku rubani ameishusha haraka kabla kipimo hakijakamilika. Siku hizi wanarushia pembeni mbali na chanja na naona imesaidia.

Na vibali jamani msidharau. Droni Tanzania inasimamiwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, uwanja wa ndege hauko mbali na mjini, na ng'ambo ya maji ni nchi nyingine, kwa hiyo usinunue tu ukarusha. Mimi kilichonifanya niwaamini hawa vijana ni walikuja na karatasi zao kwanza kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ndo wakaja kwetu.

Kuna mtu aliniambia haya ni mambo ya majuzi ya vijana wa simu. Hapana. Mwaka 1998 ndege ndogo isiyo na rubani inaitwa Aerosonde, iliyotengenezwa kwa ajili ya kupima hali ya hewa, ilivuka bahari ya Atlantiki kutoka Canada mpaka Scotland kwa saa 26 na dakika 45. Na mwaka 2024 Shirika la Hali ya Hewa Duniani liliendesha majaribio ya droni kwenye nchi mbalimbali. Sababu ni kwamba maputo ya kupima hewa ya juu kwa ratiba ya kimataifa yanarushwa saa tisa alasiri na saa tisa usiku kwa saa zetu, na sio kila mahali, sasa mvuvi anayetoka saa kumi na mbili jioni Kibirizi hapo katikati anajitegemea.

Kwa gharama, ukiwa na mtumbwi mmoja utaumia, usijaribu peke yako. Sisi tunachangishana kwa chombo na kipimo kinatumika mwalo mzima, hata asiyechanga hatumfichi namba, upepo haubagui. Walioko Katonga na Ujiji wameanza kuulizia, ushauri wangu mkae na BMU yenu kwanza, mdai kipimo cha mawimbi ya sauti, mdai angalau miruko miwili kila jioni, na meseji iwe ya Kiswahili.