GnuCash: Faili la hesabu zako limekaa wapi?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo tuna GnuCash, programu ya bure ya kutunza hesabu, ipo kwa Windows, Mac na Linux. Mama wa dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, anaingiza humo mauzo, madeni na nauli ya mzigo, yote kwa shilingi, na inamjumlishia. Upande huo sina neno. Mimi nataka mjue faili lenyewe linakaa wapi, maana kompyuta ikizima, fundi ataanzia hapohapo.

Angalieni kioo changu. Nafungua menyu ya File. Huku chini kuna majina ya mafaili ya karibuni. Naweka mshale juu ya jina, sibonyezi. Mmeona ukingo wa chini wa dirisha? Folda yote imejiandika.

Tuingie humo. Msururu huu wa mafaili ndio unaotisha watu, wanaanza kufuta ovyo. Tulieni. Hesabu.gnucash ndilo faili kuu. Hili refu, hesabu.gnucash.20250314183005.gnucash, ni nakala ya akiba. Zisome hizo namba: mwaka 2025, mwezi wa 3, tarehe 14, saa kumi na mbili na nusu jioni, sekunde ya 5. Yaani ukivuruga hesabu leo, unafungua nakala ya jana na kazi inaendelea. Napenda sana hapa! Mafaili ya .log yanaandika kila badiliko, kwa hiyo umeme ukikatika hujahifadhi, kuna pa kuokotea. Lile la .LCK ni kufuli tu, linaondoka ukifunga programu. Nakala za zamani inazifuta yenyewe baada ya siku 30, ila muda huo unaubadilisha kwenye mipangilio.

Kasoro zake sasa. Akiba zote zinakaa folda moja na faili kuu, kwa hiyo laptop ikiibiwa, vyote vimekwenda. Ripoti ulizojitengenezea zinahifadhiwa folda nyingine kabisa. Ukihamia kompyuta mpya na faili la hesabu peke yake, hutaziona. Na haina nywila, jamani. Atakayelipata faili lako atasoma madeni ya wateja wako wote.

Kwa mwenye kompyuta, chukua, inafaa. Ila kila ukifunga hesabu za siku, nakili faili kuu kwenye flashi, na flashi hiyo isilale mkoba mmoja na laptop. Mpe mtu wa nyumbani unayemwamini.