Mishale mizito ya upinde wa paundi 70: kabla hujatoa pesa, angalia mdomo

Niliuokota kwenye nyasi saa mbili usiku kwa mwanga wa taa ya kichwani. Mdomo wa mshale ulikuwa umechanuka kama mswaki wa mti uliotafunwa wiki nzima. Chembe, ile ncha ya chuma, ilikuwa imerudi nyuma ndani ya wano, yaani kiwiliwili cha mshale, na kaboni yake imepasuka nyuzinyuzi urefu wa kidole. Damu, matone matatu. Yule nguruwe mwitu nilimtafuta hadi saa nane na sikumpata.

Hapa Texas nguruwe mwitu ni kero ya wakulima, na tangu Septemba 2019 huhitaji leseni kumwinda kwenye shamba la mtu, ilmradi mwenye shamba amekuruhusu. Basi sisi tuliotoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, tunajikuta tunanunua pinde za kompaundi, zile za magurudumu, tukiwa hatujui lolote kuhusu mishale. Na dume la nguruwe si swala. Begani lina gamba nene na gumu, kama ngao.

Mimi niliuziwa mishale ya namba 400. Kwa akili yangu 400 ni kubwa kuliko 300, kwa hiyo ni kakamavu zaidi. Kumbe ni kinyume. Wano hulazwa juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 28, katikati linaning'inizwa uzito wa paundi 1.94, halafu linapimwa limebonyea kiasi gani. Likibonyea inchi 0.400 ni namba 400, likibonyea 0.300 ni 300. Namba ikipanda, mshale umelegea. Muuzaji alijua upinde wangu ni wa paundi 70, yaani nguvu ya kuuvuta, maana ndiye aliyeniuzia. Alichoniambia ni kwamba hii "inakimbia."

Mambo ya kukimbia sitayagusa. Wala sitabishana na mtu kuhusu unyoofu wa inchi 0.001 na 0.003. Kwa mita 20 nguruwe hatajua tofauti.

Uzito wa mshale mzima ni hivi: greni 550 ni kama gramu 36, na kwa paundi 70 hapo uko pazuri. Dkt. Ed Ashby, aliyejaribu mishale kwa wanyama wakubwa kusini mwa Afrika, aliweka greni 650 kuwa kizingiti cha kuvunja mfupa mzito. Na Wawaata wa Tsavo, wawindaji wa jadi wa Kenya ambao pinde zao zilivutwa kwa zaidi ya paundi 100, hawakuwahi kuhitaji boksi la kuwaambia hayo. Lakini kila greni unayoongeza mbele inaulegeza mshale wakati kamba inausukuma, na kila inchi ya urefu vilevile. Ukifunga greni 200 mbele ya wano namba 400, umetengeneza fimbo ya kuvulia samaki. Kwa mvuto wa inchi 29, yaani umbali ninaovuta kamba, mimi naanzia 300, na roho inatulia kwenye 260.

Sasa mdomo, jambo ambalo hakuna anayelisema dukani. Ndani ya wano hugundishwa kikombe chenye hesi, na chembe huskrubiwa humo. Kwenye mawano membamba kikombe kinazama chote ndani, kwa hiyo kitako cha chembe kinakaa moja kwa moja juu ya ukingo wa kaboni. Ukigonga mfupa, nguvu yote inaangukia ukingo huo, ambao ni mwembamba mno. Unapasuka. Wano linaweza kuwa kakamavu kama nondo, mdomo ukiachia hamna kitu. Dawa yake ni pete ya chuma inayovalishwa nje ya mdomo kwa gundi ya epoksi. Kabla ya gundi, sugua ukingo kwa msasa hadi uwe sawasawa, kisha gundisha na uache ikauke hadi kesho yake.

Ninachopendekeza, na sifichi upendeleo wangu, ni Axis ya kampuni ya Easton, ile yenye tundu la milimita 5, namba 260. Ina greni 11.5 kwa inchi. Kwa urefu wa inchi 28.5, pamoja na kikombe cha shaba cha greni 75, chembe ya 125 na manyoya, unafika karibu na 555. Ivalishe pete, maana hii nayo ni ya mdomo ule ule nilioueleza. Naipenda kwa sababu kaboni haipindi kwa siri: ama imenyooka ama imevunjika.

Ya pili ni FMJ, ya Easton hao hao, kaboni iliyovalishwa ngozi ya alumini. Namba 300 ina greni 12 kwa inchi, na kwenye shabaha inachomoka kama kisu kwenye siagi. Ila alumini hupinda kidogo, na usipoizungusha kiganjani hutajua kwa nini leo unakosa.

Ya tatu, Gold Tip Hunter. Ngumu kufa, lakini namba 340 haifiki greni 9 kwa inchi, kwa hiyo utahangaika kutafuta uzito. Zile za supamaketi ni za kufundishia watoto.

Bei? Serikali kuu hutoza kodi kwa kila wano, ilianza senti 39 mwaka 2005 na inapanda na mfumuko wa bei. Hiyo siilalamikii, inaenda kutunza wanyamapori. Ninacholalamikia ni boksi la mishale sita kuuzwa kwa bei niliyodhani ni ya dazeni, vikombe vya shaba kando, pete kando, na kukata inchi tatu kwa msumeno kunalipiwa kana kwamba ni upasuaji.

Ukishanunua, kabla ya kila mpigo ukunje mshale kidogo huku ukiuzungusha sikioni. Ukisikia mlio wa kupasuka, uvunje hapo hapo. Kaboni yenye ufa ikiachiwa na upinde wa paundi 70 huingia mkononi vipande vipande.

Nilirudisha mitano iliyobaki. Dukani wakasema imeshakatwa, hairudi. Sasa inashikilia miche ya nyanya nyuma ya nyumba, na kwa nyanya, 400 inatosha.