Zanzibar: uende wakati wa kaskazi au wa kusi?

Tuweke kando masika, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei. Mvua ni nyingi na baadhi ya hoteli hufunga. Ubishi wa kweli uko kati ya misimu miwili ya upepo.

Kwa hali ya hewa, kusi linashinda. Kuanzia Juni hadi Septemba kuna baridi kidogo, usiku unalala vizuri hata bila feni. Kaskazi, Desemba hadi Februari, ni joto hasa, na asiyelizoea huchoka kabla ya adhuhuri.

Bahari ndiyo inayohitaji kufikiriwa zaidi. Kusi hupiga pwani ya mashariki, kwa hiyo Paje na Jambiani huchafuka mawimbi. Wanaoteleza juu ya maji kwa tiara hufurahi, mwenye watoto wadogo hafurahi. Huyo namshauri Kendwa, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, ambako kusi halifiki kwa nguvu na maji hayapwi mbali sana. Kaskazi likiingia, mambo hugeuka: Nungwi, kwenye ncha ya kaskazini, ndiyo inayopokea upepo. Nyangumi nao hupita wakati wa kusi.

Bei hupanda misimu yote miwili, Julai na Agosti, kisha Krismasi. Mwenye bajeti ndogo ajaribu Juni mwanzoni, au Januari baada ya sikukuu.

Mpenzi wa muziki atavutwa na tamasha la Sauti za Busara, Mji Mkongwe, mwezi wa Februari. Wa mila, na sherehe za Mwaka Kogwa kule Makunduchi, Julai. Ila angalia kalenda ya Ramadhani kwanza, maana mchana migahawa mingi hufungwa.