Kimbunga kikipiga Mafia sikukuu: mzigo au pesa ya simu?

Kimbunga Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia Mei 2024. Desemba hiyohiyo, siku kumi tu kabla ya Krismasi, Chido kikaipiga Cabo Delgado, Msumbiji. Kwa hiyo sikukuu si kinga. Ukitaka kuwasaidia walioathirika, utume mzigo au pesa ya simu?

Mzigo kutoka Dar huonekana, na Kariakoo haikosi mitumba. Lakini sharti ufike bandari ya Nyamisati, upande boti hadi Kilindoni, kisiwani Mafia. Bahari ikichafuka, unalala hapohapo. Mabati, misumari na maturubai vinastahili safari hiyo. Viatu vya visigino (vipo kila mchango!) havistahili.

Pesa ya simu hufika kabla hujamaliza pilau, na mvuvi mwenyewe ataamua: nyavu au mchele. Ila mnara ukianguka, au wakala akiishiwa taslimu, imekwama. Mimi ningeanza na pesa, mabati yafuate Januari.