Tahadhari kwa wanaonunua nembo mtandaoni: PDF uliyouziwa huenda ni picha tu

Ndugu zangu wa Kisumu, Nakuru na Kakamega, hasa viongozi wa vyama vya akina mama, makanisa na biashara ndogo, kuna muuzaji wa nembo anayejitangaza katika makundi yetu ya WhatsApp, naye si wa kuaminika. Anaahidi faili kamili za kuchapisha kwa shilingi 2,500, hudai pesa zote kwa M-Pesa baada ya kuonyesha sampuli, kisha hutuma faili tatu: moja inaishia kwa .jpg, nyingine .png na ya mwisho .pdf. Chama chetu hapa Kondele kilimlipa, na zote tatu zilikuwa picha ile ile.

Mchapishaji wa mabango ndiye aliyetufumbua macho. Aliifungua PDF, akaikuza hadi asilimia 800, na kingo za herufi zikavunjika zikawa viraka vya mraba vilivyozungukwa na ukungu wa kijivu. PDF inaweza kubeba mchoro wa vekta, yaani mistari inayochorwa upya kwa hesabu kila unapoikuza na isiyopoteza ukali wake, lakini inaweza vilevile kubeba picha ya kawaida iliyobandikwa ndani, na jina la faili halikuambii ni ipi. Picha yetu ilikuwa na upana wa pikseli 640. Kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kiwango kinachozoeleka kwa kazi ya kutazamwa kwa karibu, hiyo inatosha sentimita 5 na kidogo. Ukiitandaza kwenye bango la mita 2 zinabaki takriban pikseli 8 tu kwa inchi.

PNG ndiyo iliyoniudhi zaidi, kwa sababu ilikuwa JPEG (aina ya picha inayoishia kwa .jpg) iliyobadilishwa jina. PNG inaweza kuwa na sehemu zisizo na rangi yoyote, zinazoacha kilicho nyuma kionekane, JPEG haiwezi, ndiyo maana nembo ilitokea na kisanduku cheupe nyuma yake kwenye fulana za buluu. Programu nyingi za picha husoma baiti za mwanzo wa faili bila kujali jina, kwa hiyo faili ya namna hiyo hufunguka vizuri na mnunuzi hashuku lolote. Ukiifungua kwa Notepad, PNG halisi huonyesha herufi PNG mwanzoni kabisa. Yetu ilionyesha JFIF, alama ya JPEG. Hata kuigeuza kwa programu halali kusingetusaidia, kwani JPEG hutupa sehemu ya taarifa za picha inapohifadhiwa, na zilizotupwa hazirudi.

Tulipolalamika alidai shilingi 1,500 zaidi kwa ajili ya "faili asilia", yaani kitu kile kile tulichokwisha kulipia, kisha akatufungia WhatsApp.

Kabla ya kulipa, itisha SVG, yaani faili ya mchoro wa vekta, au CDR ikiwa mchapishaji wako anatumia CorelDRAW, programu ya uchoraji inayohifadhi faili za aina hiyo, ulipe nusu, na umwombe mchapishaji aifungue na kuikuza kabla hujamaliza malipo, maana hata SVG inaweza kufichwa picha ndani yake. Muuzaji huyu hubadilisha namba na jina la biashara mara kwa mara, lakini akiombwa CDR hujibu kwamba "PDF inatosha" na kuharakisha malipo. Ukisikia jibu hilo, usitume pesa.