Kukereza kwa Mashine ya Milingi: Hedi Ipi Ununue Ukiwa Lamu

Kasha la gia ya boti limeletwa karakana kwa punda, pua yake, ile shingo ya mviringo inayochomoza, imelika na chumvi upande mmoja. Kwenye kerezo, mashine inayozungusha kazi yenyewe, haliingii: ni pana, limeelemea upande, likizunguka litaruka. Basi lifunge kwenye meza ya milingi, mashine inayozungusha kisu, kisha geuza kisu cha hedi ya boringi (kichwa kinachoshika kisu na kukisogeza ili duara lipanuke au lipungue) kitazame ndani, kizunguke pua kama unamenya chungwa. Kazi imetulia, kisu ndicho kinachozunguka.

Ninayoiweka mbele ya zote ni hedi ya kipenyo cha milimita 75 ambayo shina lake, linaloingia kwenye mashine, limeungana na mwili, au lililofungwa kwa skrubu ya pembeni. Sikilizeni hapa, mafundi wenzangu. Kisu cha kawaida ukikigeuza kitazame ndani, makali yanaangalia nyuma, kwa hiyo spindo, mhimili wa mashine unaoshika hedi, lazima izunguke kinyume. Hedi iliyoshikwa kwenye shina kwa nyuzi za skrubu tupu itajifungua yenyewe ikiwa kasini. Kama ndiyo uliyonayo, tafuta kisu cha mkono wa kushoto, uzungushe kawaida.

Ya pili ni ya milimita 50. Kwa bushi na pua fupi inatosha kabisa, na mashine ndogo haihangaiki nayo. Ila visu vyake vina shina la milimita 12 hivi. Pua ikiwa ndefu kisu kinapinda na kazi inatoka na mawimbi.

Ya tatu, ile inayosogeza kisu yenyewe. Inakereza na kusawazisha uso kwa mkupuo mmoja, raha tupu, lakini ni ghali na nzito. Isubiri mpaka kazi ziwe nyingi.

Seti za bei ya chini zisizo na jina naziweka mkiani. Kabla ya kulipa, sukuma kitelezi, sehemu inayobeba kisu, kwa kidole gumba: kikicheza, irudishe. Uliza pia mistari ya piga, kile kigurudumu cha vipimo cha kusogezea kisu, inahesabu kipenyo au nusu yake, maana kisu kikisogea 0.1 kipenyo kinapungua 0.2. Ukikereza nje unasogeza kisu kuelekea katikati, basi rudi nyuma kwanza, halafu ukifikie kipimo ukija ndani, ulegevu wa skrubu usikudanganye.

Na pima spindo yako, R8 au Morse 3 (aina za tundu la kuingizia shina), kabla ya kuagiza Mombasa. Kuibadilisha hedi isiyoingia ni boti hadi Mokowe, ng'ambo bara, kisha basi kutwa nzima. Ikifika, ipake grisi siku hiyohiyo. Hewa yetu haingoji.