Steshenari ya Ngamiani inayojua kupanga solfa

Walimu wenzangu wa kwaya hapa Tanga, mnaozunguka na nota mkitafuta mtu wa kuzichapa, nendeni Ngamiani. Kuna steshenari ndogo kwenye zile barabara za namba, safu moja na mafundi cherehani. Nawasifia kwa moyo mmoja, kwa sababu kazi niliyowapelekea imewashinda wengi.

Nilitaka nyimbo za William Billings zitolewe kwenye nota za mistari mitano ziwekwe kwenye solfa, yaani nota za herufi (d, r, m), sauti zote nne, kisha zibaindiwe kwa ajili ya kwaya yetu ya usharika. Billings ni mtu wa Boston, Marekani, aliyezaliwa mwaka 1746. Alikuwa fundi wa kusindika ngozi, na muziki alijifunza mwenyewe. Jicho moja lilikuwa bovu, mguu mmoja mfupi, mkono umenyauka, na bado alisimama mbele ya watu akawafundisha kuimba. Mwaka 1770, akiwa na miaka 24, alitoa The New-England Psalm-Singer, nyimbo zaidi ya 120, zote zake. Kabla yake hakuna Mmarekani aliyekuwa ametoa kitabu kizima cha nyimbo zake mwenyewe. Nampenda mtunzi huyu kuliko wengi wanaoimbwa kila Jumapili, na nashangaa kwaya zetu hazimjui.

Sasa kazi yenyewe. Mliowahi kuchapisha solfa mnajua balaa lake: kompyuta inageuza kila "d" ya mwanzo wa mstari kuwa herufi kubwa, na nukta pacha zinazogawa mapigo zinahama. Kwenye skrini ziko sawa, kwenye karatasi pigo la alto limekaa chini ya silabi ya jirani. Kijana wa hapa hapangi kwa kubonyeza nafasi. Anatengeneza jedwali, kila pigo na chumba chake, silabi chini yake, halafu anaficha mistari ya jedwali. Nilishika karatasi nikaweka rula wima kutoka soprano hadi besi: nukta zote zimenyooka. Hata vile vialama vya chini vya "s" ya besi vinasomeka bila kukodoa macho.

Jambo la pili ndilo lililonifurahisha zaidi. Kwa Billings tuni haikai soprano, inakaa kwa tena (sauti ya juu ya wanaume), kama ilivyokuwa desturi ya wakati wake. Yule kijana anaimba besi kanisani kwao, na alipofika kwenye wimbo uitwao Africa akaniuliza, "Mwalimu, mbona utamu wote uko sauti ya tatu?" Nilipomweleza, akaikoleza wino sauti ya tatu kitabu kizima bila kuniongezea bei. Waimbaji wangu wa tena, waliozoea kujazia tu, siku hizi wanawahi mazoezi.

Kuhusu Africa: mizani yake ni 8.6.8.6, yaani idadi ya silabi za kila mstari, kwa hiyo utenzi wowote wa Kiswahili wenye mizani hiyo unaingia. Wimbo wake wa kilio cha Daudi kwa Absalomu, wa mwaka 1778, ni mfupi lakini mzito. When Jesus Wept nao aliutunga uimbwe kwa kupokezana, sauti nne zikifuatana kwa tuni moja, basi ukurasa mmoja umetosha.

Bei ni shilingi 500 kwa ukurasa wa kuchapa solfa, nakala shilingi 100, spairo na kava ya nailoni shilingi 3,000. Kuna steshenari nyingine mjini, siitaji, waliotaka zaidi ya hapo na nukta zikaja zimetawanyika. Kasoro ninayoiona hapa ni spairo: wameweka nyembamba, kitabu hakilali vizuri kwenye stendi. Ombeni saizi ya juu yake.

Na muwalipe bila kuwabana. Billings aliomba bunge la Massachusetts limlindie haki ya kitabu chake. Wabunge wakapitisha, gavana akakataa kutia sahihi. Wachapaji wengine wakazichapa nyimbo zake watakavyo, yeye akafa maskini mwaka 1800, kaburi lake halina hata alama. Nyimbo zake leo hazina mwenyewe wa kudai, mnaweza kuzitoa bure mtandaoni. Ila kazi ya kuzipanga ni ya huyu kijana, na nimekuta vitabu alivyochapa yeye vikitolewa kopi duka la pili yake. Mkitaka nakala za ziada, rudini kwake, faili analo.

Pelekeni kazi Jumatatu au Jumanne. Kuanzia Alhamisi mashine zote zimeshikwa na kadi za harusi na ratiba za mazishi, na umeme ukikatika hawana jenereta.